Picha za mtaani za nyeusi-nyeupe hapa Lamu: simama kwenye mwanga, watu watapita wenyewe

Lamu ni mji wa kivuli, na ndo maana nasema pwani yote hii sijaona mahali pazuri pa kujifunza picha za mtaani za nyeusi-nyeupe kushinda hapa. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, ghorofa mbili tatu kila upande, kichochoro katikati chembamba mpaka punda akija na magunia ubavuni unajibanza ukutani apite, na jua likiingia mle haliingii lote, linaingia kipande, linakaa ukutani kidogo alafu linahama. Weka kanzu nyeupe na buibui jeusi zinazokatiza hicho kipande cha jua kutwa nzima, basi nusu ya picha ishajitengeneza kabla hujatoa simu mfukoni.

Shida ninayoiona kwa vijana wengi wanaoanza, na wageni pia, ni kukimbiza watu. Anamwona mzee na bakora yake anatoka msikitini, anamfata nyuma, anampita, anageuka anambandika kamera usoni, mzee anakunja uso, picha inatoka mbaya na mzee ameudhika. Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo moja tu, chagua mwanga kwanza, simama hapo, ngoja. Picha itakuwa bora, na adabu pia imo humohumo, kwa sababu ukiwa umesimama mahali pamoja watu wanakuona, wanakusalimia, na asotaka kupigwa anakwambia au anapitia upande wa pili. Anayefukuziwa nyuma hana nafasi hiyo.

Mtu wa Malindi au Mji wa Kale Mombasa anaweza kutumia haya pia, abadilishe tu majina ya mitaa.

Hatua ya 1: tayarisha kifaa ulichonacho

Simu inatosha, sisemi hivo kumfariji mtu, inatosha kweli. Cha kwanza futa lenzi. Hewa ya hapa ina chumvi, mkono una jasho, na lenzi ya simu ikiwa na ukungu wa mafuta kila taa na kila dirisha linalong'aa linatoa michirizi na weusi wote unakuwa kijivu. Tumia kitambaa laini cha pamba, sio ncha ya shati lililokaa na mchanga wa ufuo wa Shela manake mchanga unakwaruza. Na ukitoka chumba chenye AC usitoe kamera hapohapo nje, kioo kitajaa mvuke, iache kwenye begi kama nusu saa ipate joto polepole.

Alafu zima HDR. Hii ni muhimu sana na wengi hawaijui. HDR kazi yake ni kuinua kivuli na kushusha mwanga ili kila kitu kionekane, sasa sisi tunataka kivuli kibaki kivuli, ukiiacha inakutolea kichochoro kizima rangi ya uji hakuna jua hakuna giza. Simu nyingine hazina kitufe cha kuizima, hapo ingia kwenye modi ya Pro kama ipo, au shusha apu nyingine ya kamera. Zima fleshi. Usivute zumu kwa vidole, inakata tu picha na kuipunguza, sogea kwa miguu.

Kama kifaa chako kinapiga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, washa RAW na uweke skrini ionyeshe nyeusi-nyeupe. Faida yake ni mbili kwa mpigo, unapopiga unaona kijivu kwa hivo jicho linazoea kutafuta mwanga na maumbo badala ya rangi, lakini faili la RAW limebaki na rangi zote ndani na zile rangi utazihitaji baadaye kwenye kuedit, ntaeleza. Ukipiga JPEG, lile faili la kawaida la picha, ya nyeusi-nyeupe peke yake rangi zimekwenda, huzipati tena.

Kwa mwenye kamera, lenzi ya milimita 28 au 35 kwenye sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), au 18 na 23 kwenye sensa ndogo kidogo za APS-C, ndo saizi ya vichochoro vyetu. Lenzi ndefu za 200 ziache nyumbani, hapa huna hata nafasi ya kurudi nyuma, na kumpiga mtu kutoka mbali asijue mimi sikubaliani nako kabisa. Mwenye kamera ya filamu, Ilford HP5 Plus na Kodak Tri-X zote ni ISO 400 (ISO ni wepesi wa kunasa mwanga) na zinafaa kwa mwanga wa hapa, beba za kukutosha kabla hujavuka maji. Ipo pia Ilford XP2 ambayo ni nyeusi-nyeupe lakini inasafishwa kwa dawa zilezile za filamu ya rangi, za C-41, kwa hivo studio yoyote inayosafisha filamu za rangi inaiweza.

Hatua ya 2: jua mji umelalaje na jua linatokea wapi

Hapa usiwe na haraka, hii hatua ndo inatofautisha mtu anayebahatisha na mtu anayejua.

Mji wa Lamu umeangalia mashariki, ng'ambo ni kisiwa cha Manda. Usita wa Mui, ile njia kuu ya ndani, inakwenda sambamba na bahari, alafu vichochoro vinaukata vikiteremka kwenda majini. Maana yake asubuhi jua linachomoza upande wa Manda na linapenya moja kwa moja kwenye vile vichochoro vya kuteremka, linapanda navyo. Ukisimama juu kidogo ndani ya kichochoro ukaangalia baharini kuanzia kama saa kumi na mbili na nusu, kila anayepita mbele yako ni umbo jeusi lenye mstari wa mwanga pembeni, na kivuli chake kirefu kinakuja mpaka miguuni kwako. Ukigeuka ukaangalia kinyume, jua likiwa mgongoni kwako, unapata nyuso na kuta zimewaka zote. Mahali pamoja, picha mbili tofauti kabisa, kwa kugeuka tu.

Forodhani, pale gatini mbele ya mji, asubuhi ni hivohivo, mashua na watu wanaopakua mizigo wanakuwa vivuli vyeusi mbele ya maji yanayong'aa. Jioni inageuka. Jua linashuka nyuma ya mji, kwa hivo barabara ya mbele inaingia kivulini mapema wakati tanga la jahazi lililo katikati ya mlango wa bahari bado limewakwa na jua. Hapo ndo pa kupiga tanga jeupe, sio asubuhi.

Mchana wa saa sita watu wengi watakwambia kamera weka ndani. Kwa uwanja wa wazi ni kweli, Lamu iko kama nyuzi mbili tu kusini ya ikweta, na mwezi wa Machi na tena mwisho wa Septemba jua linapita utosini kabisa, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Lakini ndani ya mji wa mawe saa sita ni saa nzuri mno, manake jua linapiga juu ya ukuta mmoja, linarudi kwenye ukuta wa pili, na chini kabisa kwenye baraza, lile benchi la mawe la nje ya nyumba, unapata mwanga laini uliochujwa na chokaa ambao studio ya Nairobi wanautafuta kwa maboksi na miavuli. Na kwenye vichochoro vinavyokwenda kaskazini-kusini kuna ule mstari mwembamba wa jua unaoshuka sakafuni kwa muda mfupi tu. Ukiuona leo saa sita na robo, kesho rudi saa sita kamili ukae. Jua halibadilishi ratiba yake kwa siku mbili tatu.

Mahali ambapo mwanga unasumbua ni chini ya miti, kama pale uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome. Pazuri kwa watu, wazee wapo, bao lipo, wabeba mizigo wapo, lakini majani yanatupa madoa madoa ya jua usoni na kwenye nyeusi-nyeupe uso wenye madoa hausomeki. Subiri wingu au subiri jioni, au mtafute aliyekaa kwenye kivuli kizima.

Kuhusu misimu, kaskazi ya Desemba mpaka Machi anga ni safi na vivuli vikali. Masika, kuanzia Aprili, mawingu yanatanda na kila kitu kinakuwa kijivu laini, wengi hawapigi, mimi naipenda sana kwa nyuso na kwa mawe yaliyolowa.

Hatua ya 3: zoeza macho kuona weupe na weusi

Nenda sokoni pale kando ya Ngome uangalie fungu la nyanya juu ya mchicha. Kwa macho ni vitu viwili vinavyopiga kelele, wekundu na ukijani, ila kwenye nyeusi-nyeupe mara nyingi vinatoka kijivu kimoja, huoni nyanya inaishia wapi. Leso nyekundu yenye maua ya kijani ni hivohivo, maua yote yanapotea. Kwa hivo kitu kilichokuvutia kwa sababu ya rangi yake kiache, au kipige kwa rangi.

Kinachofanya kazi ni tofauti ya mwanga, umbo, na uso wa kitu. Chokaa iliyobanduka, kamba ya mnazi, boriti za mikoko, mkono wa fundi seremala, mkeka. Zoezi lake jepesi, kaza macho nusu yafumbe mpaka uone ukungu, kinachobaki kuonekana ndo kitakachobaki kwenye picha. Kama hakibaki kitu basi hapo hakuna picha hata mandhari iwe nzuri vipi.

Hatua ya 4: setingi

Kwa kamera: f/8 (huo ni upana wa tundu la lenzi), shata 1/250 ya sekunde ili mtu anayetembea asitoke na ukungu, ISO iachie otomatiki na mwisho wake uweke 3200. Kwenye jua kali ISO itashuka yenyewe, kwenye kichochoro itapanda, wewe usiisumbukie, ila ikifika mwisho wa chini na picha bado nyeupe mno ongeza kasi ya shata, chembechembe kidogo kwenye nyeusi-nyeupe hazidhuru. Kama unataka kupima kwa kichwa bila mita, kanuni ya zamani bado inafanya kazi, jua la wazi weka f/16 na shata iwe moja chini ya ISO, yaani ISO 200 shata 1/200.

Fokasi weka kwa mkono. Lenzi ya 28 kwenye sensa kubwa, f/8, fokasi mita 3 na kidogo, inakupa ukali kuanzia kama mita moja na nusu mpaka mwisho wa macho. Ya 35 kwenye f/8 ukiiweka mita 3 inakupa kama mita 2 mpaka 7. Kichochoro cha hapa chote kimo humo. Sasa mtu akiingia kwenye mwanga kamera haitafuti fokasi, wewe unabonyeza tu. Simu yenyewe sensa yake ni ndogo kwa hivo karibu kila kitu kiko kwenye fokasi tayari.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wengi hapa pwani kuliko kwingine kokote. Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, haijui ukuta ni mweupe, inadhani dunia yote ni kijivu cha katikati. Ukiielekeza kwenye ukuta wa chokaa inaona mwanga mwingi, inapunguza, ukuta unatoka kijivu na mtu aliye mbele yake anakuwa mkaa. Ukiielekeza kwa kina mama watatu wenye mabuibui ndani ya kichochoro, inaona giza, inaongeza, mabuibui yanatoka kijivu na kile kipande cha jua nyuma yao kinaungua kabisa hakina hata alama ya jiwe. Dawa yake ni kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga, chenye alama ya +/-. Ukuta mweupe umejaa kwenye picha na unataka uso uonekane, ongeza +1. Weusi umejaa, punguza -1. Anza na hizo alafu rekebisha kwa kuangalia.

Kwenye simu gusa ile sehemu yenye jua, shikilia kidole mpaka ijifunge, alafu buruta kidole chini taratibu mpaka ukuta uonyeshe mikwaruzo yake. Ikishajifunga haibadiliki hata mtu akiingia na kanzu nyeupe, na hapo ndo unakuwa tayari kungoja.

Uso au ukuta, mara nyingine lazima uchague kimoja. Mtu akiwa kivulini na nyuma yake jua, huwezi kupata vyote, amua kama hii ni picha ya umbo au ya uso. Mimi naona umbo linafaa pale ambapo mwendo au mzigo wake unajieleza, tenga kichwani, mtoto na juzuu yake akienda madrasa. Uso ukiwa ndo habari yenyewe, mwombe asogee kwenye baraza la kivulini.

Hatua ya 5: kungoja

Umepata ukuta wako, jua limekaa vizuri. Kwanza safisha nyuma. Angalia pembe zote nne za skrini, kuna waya wa stima unakata juu, kuna tangi la maji, kuna bango. Mara nyingi hatua moja kushoto inaondoa vyote, au piga goti. Alafu piga picha moja tupu bila mtu uiangalie. Kama ile tupu tu ishakupendeza, kaa. Kama haikupendezi mtu hataiokoa.

Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa ana picha ya mwaka 1932 kule Hyères, ngazi zinazunguka chini na baiskeli inapita kwenye uwazi. Ziangalie zile ngazi, zingekuwepo na zingependeza hata baiskeli isingepita, alichobakisha yeye ni kuwepo baiskeli ilipofika. Sisi vichochoro vyenye ngazi na kona tunavyo tele.

Ukingoja angalia mambo haya. Mtu akipita mbele ya weusi avae nyeupe, akipita mbele ya weupe avae nyeusi au awe na ngozi inayoonekana, kanzu nyeupe mbele ya chokaa kwenye jua inayeyuka. Bonyeza miguu ikiwa imeachana, hatua ikiwa imefunguka, manake miguu ikipishana mtu anaonekana ana mguu mmoja. Usikate vifundo vya miguu. Kichwa kisigongane na ukingo wa mlango wala na kichwa cha mwingine, acha uwazi hata mdogo kati ya mtu na mtu. Na usibonyeze mara moja ukaondoka, watu wawili watatu wakikutana kwenye kile kipande cha mwanga wakasimama kupeana mkono, hapo ndo picha inakuwa na maisha, na wanasimama kweli, Lamu hakuna mtu anampita mwenzake kimya.

Kaa barazani. Baraza limejengwa kwa kukaa, ukiwa umekaa huonekani kama mwizi wala kama polisi, unaonekana mtu. Baada ya muda wanaopita wanakuzoea na wengine wataanza kukuonyesha, nenda kule kwa fundi wa milango, asubuhi mwanga wake mzuri. Sikiliza hao, wanaujua mji kushinda mimi na wewe.

Na nataka niseme hili kwa uzito. Nyeusi-nyeupe ina tabia ya kuuzeesha mji, ukitoa rangi kila kitu kinaonekana cha miaka mia iliyopita na kuna watu wanaitafuta hiyo makusudi, wanangoja bodaboda ipite ndo wapige, wanakwepa kijana mwenye jezi ya Arsenal, wanakwepa simu mkononi mwa mzee. Matokeo ni Lamu ya kadi za posta ambayo hakuna anayeishi humo. Unesco waliuingiza mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 na tunashukuru, lakini watu wa hapa hawajageuka vyombo vya makumbusho. Bodaboda iache ndani ya fremu. Jezi iache. Mlango wa nakshi peke yake bila mtu ushapigwa mno, mlango ambao mtoto anautumia kama goli huo ndo uupige.

Hatua ya 6: salamu, ruhusa na mipaka

Salamu kwanza, kamera ikiwa chini. Asalaam aleikum, sabalkheri, au shikamoo kwa mkubwa, na ungoje ujibiwe, usisalimu huku unalenga. Ukitaka picha ya karibu ya mtu mmoja omba waziwazi. Mimi husema, "Ami, mwanga umekukalia vizuri hapa barazani, naomba nikupige picha." Mwingine atasema piga. Mwingine atasema, "Nipige, lakini usinitie mtandaoni." Jibu ni "sawa, ami," na hiyo picha huitii mtandaoni, basi, hata iwe ndo bora ya mwaka. Akisema hapana, mshukuru na ubaki na salamu yako, usimshawishi wala usitoe pesa.

Kina mama, wengi hapa hawapendi kupigwa na hasa kuonekana uso, na wanayo haki hiyo. Umbo la buibui likipita mbali kwenye kichochoro, uso hauonekani, hakuna anayemjua ni nani, hilo mimi naliona halina ubaya. Uso, omba, na kama wewe ni mwanamme ni heri awepo mtu wa nyumbani kwake au umwache. Watoto, uliza mzazi au mwalimu wao, wao wenyewe watakubali kila mara kwa sababu wanapenda kuonekana na hiyo sio ruhusa. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 31 kinalinda faragha, na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa ni data yake, kwa hivo ukitaka kutumia uso wa mtu kwenye tangazo au biashara pata idhini yake ya maandishi.

Msikitini usipige watu wanaosali. Wakati wa Maulidi, mji unapojaa na watu wanacheza goma, ile ngoma ya bakora, upande wa msikiti wa Riyadha, picha ni nyingi na kamera ni nyingi, hapo waone wenye shughuli mapema uwaulize usimame wapi. Vituo vya polisi, askari na vyombo vyao, usielekeze kamera kabisa, Lamu hii ina mambo yake ya usalama na hutaki kueleza sanaa kwa mtu mwenye bunduki.

Hatua ya 7: punda na tanga

Punda ukimpiga kwa 1/250 anaganda kama sanamu. Jaribu shata 1/30 au 1/15, mfate kwa kamera kwa mwendo wake uleule, bonyeza huku bado unageuka, usisimame ghafla. Akitoka sawa kichwa chake kinakuwa kikali na ukuta unakuwa mistari. Inachukua mazoezi na nyingi utafuta. Simama upande wa ndani wa njia, punda mwenye mzigo hapindi kwa ajili yako, na mwenyewe akisema pisha, pisha kweli.

Jahazi na mashua, ukitaka kazi ya mikono nenda kijiji cha Matondoni wanakounda vyombo, usikae tu forodhani.

Hatua ya 8: kuedit

Sasa zile rangi tulizoziweka kwenye RAW. Snapseed ni ya bure na ina sehemu ya nyeusi-nyeupe yenye filta za rangi, Lightroom nayo ina slaida za kila rangi. Kanuni ni moja, filta inang'arisha rangi yake na kutia giza rangi iliyo kinyume. Nyekundu inaifanya anga ya buluu kuwa nyeusi na mawingu kutoka nje, inafaa kwa tanga jeupe juu ya bahari. Njano ni ileile lakini kwa upole. Buluu inatia giza ngozi yetu, iogope.

Ngozi ya kahawia ndani yake ni machungwa na wekundu, kwa hivo ukipandisha slaida ya machungwa kidogo uso unang'aa bila kugusa ukuta wala kanzu. Kidogo, sisemi kumbadilisha mtu rangi, mzee mweusi abaki mweusi, unachotafuta ni ule mng'aro wa paji la uso na mikunjo ya macho isomeke. Usiamini kitufe cha otomatiki kwa ngozi zetu. Kodak kwa miaka mingi walipima rangi za picha kwa kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, na mashine nyingi zimerithi mazoea ya namna hiyo, ukibonyeza otomatiki unaweza kupata uso uliozama au uliopakwa poda. Ukitaka kuona ngozi nyeusi iliyopigwa kwa heshima, tafuta picha za Seydou Keïta wa Mali, alifungua studio Bamako mwaka 1948 na mara nyingi alikuwa anapiga uani kwa mwanga wa jua, kitambaa chenye maua nyuma. Baraza lako lenye kivuli linaweza kazi ileile. Na hapahapa Lamu alikuwepo Omar Said Bakor na Bakor Studio yake, akikata na kuunganisha picha kwa mkono miaka mingi kabla ya kompyuta, kwa hivo usifikiri hii kazi imekuja na wageni.

Baada ya ngozi ndo kontrasti, yaani tofauti ya weusi na weupe. Shusha weusi mpaka mahali pamoja kwenye picha pawe peusi kweli, inua weupe mpaka mahali pamoja pawe peupe kweli, alafu acha. Nyoosha kuta, kuta za Lamu zenyewe zimepinda ila upeo wa bahari haupindi. Chembe za kuongeza, fremu za kuchanika, alama za filamu ya kizamani, ziache zote.

Hatua ya 9: kuchagua na kuchapisha

Usichague siku ileile, bado unakumbuka jasho lako na unaipenda kila moja. Baada ya wiki zipunguze ndogondogo kwenye skrini, ile ambayo bado inaeleweka ikiwa ndogo kama stempu ndo imesimama vizuri. Weka nakala mbili, moja kwenye diski na nyingine mtandaoni, unyevu wa hapa unakula vifaa.

Uliyempiga na akakuruhusu mpelekee yake kwenye karatasi. Kwa kuchapisha, kumbuka karatasi haitoi mwanga kama skrini, vivuli vinatoka vizito zaidi, kwa hivo ongeza mwanga kidogo kwenye nakala ya kuchapisha peke yake. Omba karatasi isiyong'aa, na mwambie mwenye mashine azime marekebisho ya otomatiki, la sivo atakurudishia nyeusi-nyeupe yenye ukijani au uzambarau. Chapisha moja ndogo ya majaribio, itoe nje uitazame mchana kwenye kivuli, ikikaa sawa ndo uchapishe zilizobaki.